Akiba ya Gauni la Kipaimara

Kila asubuhi, akiwa njiani kwenda shule, Nice aliwasahihisha watu wa Maji ya Chai. Hakuwasahihisha kwa mdomo, maana alikuwa na miaka kumi na minne tu na mama yake alikuwa na mkono mwepesi. Aliwasahihisha kimoyomoyo. Muuza ndizi wa pale barabarani: pindo limepanda upande wa kushoto, alama nne kwa kumi. Kijana wa bodaboda: koti zuri, lakini mabega ni ya mtu mwingine, alama tano. Mchungaji mwenyewe alipata sita, na hapo alikuwa amehurumiwa kwa sababu ya cheo.

Mamlaka hayo makubwa aliyapata darasani. Alikuwa kidato cha kwanza, mkondo wa amali, fani ya ubunifu wa mavazi na ushonaji. Tangu Januari alikuwa amejifunza kushona tundu la kifungo, kuweka zipu, na kuvunja sindano tatu za shule. Zaidi ya hayo alikuwa na daftari. Juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu HISTORIA YA MAVAZI, na ndani alibandika picha za zamani alizoomba kwa majirani: kina mama wenye magauni ya mikono iliyofura kama maandazi, vijana wenye suruali zilizofagia barabara, maharusi waliosimama wima kama wanaopimwa urefu. Swali lolote la nguo lililoulizwa katika ukoo, Nice alilijibu kabla halijakamilika.

"Wewe," rafiki yake Nashipae alimwambia siku moja, "utakuja kuikataa sanda yako kwa sababu pindo halijanyooka."

"Kama halijanyooka, nitakataa," alijibu Nice.

Basi Jumapili moja Mama alifungua sanduku la bati na kutoa gauni la kipaimara la ukoo. Lilikuwa gauni la pamba, jeupe zamani, sasa rangi yake ilikaribia siagi. Bibi alilivaa alipopata kipaimara, wakavaa wadogo zake, wakavaa binti zake, wakavaa wajukuu. Wasichana tisa walikuwa wamepiga magoti altareni ndani ya gauni hilo. Wa kumi angekuwa Lilian, binti wa shangazi wa Kisongo, Jumapili iliyofuata.

"Lifue, lipige pasi, uangalie kama kuna uzi uliofumuka," alisema Mama. "Basi."

Mtu wa kawaida akiambiwa "basi" husimama. Nice alikuwa mtaalamu.

Jumatatu alilipeleka gauni shuleni na kuligeuza ndani nje katika karakana ya ushonaji. Alichokiona kilimwudhi. Ubavuni, pande zote mbili, kulikuwa na kitambaa cha ziada chenye upana wa vidole vinne, kimekunjwa ndani kama siri. Kilikuwa na mistari ya matundu ya sindano, na nyuzi za rangi tatu nne zilizosahauliwa humo. Mwalimu aliwafundisha kwamba mshono safi una ukingo mwembamba. Huu ulikuwa uchafu.

"Umeambiwa ukate?" aliuliza Nashipae alipoona mkasi.

"Mafundi wa zamani hawakujua kumalizia kazi," alisema Nice. "Ipo kwenye daftari langu."

Haikuwa kwenye daftari lake. Alikata kote kuwili, kuanzia kwapani hadi kwenye pindo, akaacha upana wa kidole kimoja chembamba, kisha akapitisha ukingo kwenye ovaloki ya shule, ile mashine inayozungushia nyuzi ukingoni ili kitambaa kisifumuke. Vipande alivyokata alivifutia mafuta ya mashine na kuvitupa. Gauni lilipendeza ndani kuliko nje. Alijipa alama kumi.

Jumatano jioni Shangazi Magdalena alifika pamoja na Lilian. Lilian alikuwa amekaa mwaka mzima kwa mjomba wake anayefuga ng'ombe wa maziwa, na maziwa yalikuwa yamefanya kazi yake. Alivaa gauni, akavuta pumzi, na zipu ikagoma kiganja kizima kabla ya kufika juu.

Hakuna aliyeshtuka. Bibi aliendelea kuchambua maharage.

"Si ndiyo maana kuna akiba," alisema Bibi. "Mdogo wangu aliachiwa vidole viwili. Magdalena akapunguziwa, alikuwa kama ufito."

"Ufito mzuri," alisema Shangazi. Aligeuza ubavu wa gauni ili aone pa kufumua. Akageuza wa pili. Akarudi kwenye wa kwanza, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko ule ule. "Mama Nice. Akiba imekwenda wapi?"

Hapo ndipo Nice alipoelewa kile kitambaa cha ziada kilikuwa kinamngoja nani. Hakikuwa uchafu hata kidogo. Kila msichana aliyekuja mnene alifumuliwa mshono ukasogezwa nje, na kila aliyekuja mwembamba ukasogezwa ndani, na ile mistari ya matundu ilikuwa mihuri ya shangazi zake.

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: "Ni mimi niliyekata." Lakini macho ya watu wanne yalikuwa juu ya gauni, yangehamia kwake, na mtaalamu angekwisha pale pale mbele ya maharage.

"Labda ni Fundi Koikai," alisema. "Si yeye aliyeweka zipu mwezi wa pili?"

Alijifariji kwamba hajasema uongo. Amesema labda. Lakini "labda" ya Nice haikudumu hata dakika moja, kwa sababu mafundi cherehani wana jina lao, na hakuna nyumba isiyo na kesi ya kitambaa kilichopelekwa kwa fundi kikarudi kimepungua.

"Mafundi," alisema Shangazi, kwa sauti ya mtu anayetaja nyoka. "Mimi kitambaa changu cha harusi ya Eliasi nilikipeleka kinatosha gauni na kilemba. Kilemba sijakiona mpaka leo. Eti kilisinyaa."

"Lakini Koikai?" alisema Mama. "Huyo mzee ana kuchelewesha tu."

"Anachelewesha anafanya nini? Anakata."

Kesi ilikwisha hivyo, mshtakiwa hayupo. Alhamisi ilipofika, habari ilikuwa imeshapita sokoni na kwenye bomba la maji, imeongezeka mwili njiani. Kule kwa muuza ndizi tayari ilisemwa kwamba Fundi Koikai ana gunia la vitambaa vya watu chini ya kitanda. Na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu wanawake wa kwaya walikuwa wamempelekea vitambaa vya sare mpya, kila mmoja chake. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka huo.

Tangu hapo Nice hakumwamini mtu. Nashipae alipomuuliza, "Vipi, salama?" aliona kabisa kwamba hilo si swali la salama. Mwalimu alipouliza darasani nani aliyetumia ovaloki mara ya mwisho, aliinama chini ya dawati. Mwalimu alikuwa anatafuta uzi mweupe tu. Nyumbani Bibi alimtazama akiwa na sahani mbele yake.

"Mbona huli, mama?"

Kwa nini Bibi amwite "mama" kwa upole namna ile? Bibi anajua nini? Nice akala haraka haraka ili asishukiwe, akapaliwa, akapigwa mgongo, na hata yule aliyempiga mgongo akamshuku.

Ijumaa alasiri, Mama, Shangazi na wanawake wa kwaya waliandamana kwenda kwa fundi. Nice alipewa heshima ya kubeba ushahidi.

Fundi Koikai alishonea kwenye kibaraza cha duka la pembejeo kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila basi la Moshi likipita lilimwachia vumbi na kikohozi. Alikuwa mzee mwenye kipara, mzaliwa wa upande wa Kisongo, na tepu yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Dhambi yake moja ilijulikana na wote: "Njoo kesho." Kesho ya Fundi Koikai iliweza kufika Pasaka.

"Shikamoo, fundi," alisema Mama.

Shangazi Magdalena hakusalimia. Mtu akianza mazungumzo bila salamu, wenye busara huondoa vikombe mezani.

"Fundi, akiba ya gauni letu iko wapi?"

"Akiba ipi, mama?"

"Ya ubavuni. Uliweka zipu, gauni likarudi limenyolewa."

"Zipu niliweka. Zipu iko mgongoni. Ubavu sikuugusa."

"Hakuna fundi anayegusa," alisema mmoja wa wanakwaya. "Changu nacho hakikuguswa. Kiliondoka gauni, kikarudi sketi."

Wengine wakacheka kicheko kisicho na furaha. Fundi alinyoosha mkono, Nice akampa gauni. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo ulioshonwa kwa ovaloki. Cherehani yake ilishona mstari ulionyooka tu, haikuwa na uwezo wa kuzungusha nyuzi namna ile; hata mtoto wa kidato cha kwanza alilijua hilo, na Nice alikuwa ndiye. Fundi akainua macho. Akamtazama Nice, akaitazama nembo ya shule kwenye sweta lake, akamtazama tena.

Fundi alilikunja gauni, mkono juu ya mkono, akamrudishia yeye.

"Sikukata," alisema. "Zaidi ya hapo sina neno."

"Basi na sisi hatuna," alisema Shangazi. "Jamani, chukueni vitambaa vyenu."

Wakachukua. Kilichochukua muda mrefu kupangwa kwenye rafu kiliondoka kwa muda wa kukohoa mara mbili. Mama peke yake alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha naye akafuata.

Nice alifika mpaka kona ya mnazi wa pekee uliopandwa na mtu asiyejua hali ya hewa ya huku, akasimama. Yule mzee anajua. Kwa nini hakusema? Hakuna mtu anayejua jambo la kumwokoa akalimeza bure. Lazima ana mpango. Labda anangoja Jumapili, asimame katikati ya ibada. Labda ameandika barua kwa mkuu wa shule. Nice akaona heri auone mtego kabla haujafyatuka. Akamwambia mama yake kwamba amesahau daftari, akarudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua rafu? Vitambaa vimekwisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Sikukata."

"Kwa nini hukusema mengine?"

Fundi aliondoa uzi kwenye sindano, ingawa hakukuwa na kazi. "Ovaloki najua ziko mbili huku kwetu. Moja iko kwa yule mama wa Tengeru, moja shuleni kwenu. Na yule mama wa Tengeru hawezi kukosea kona ya kwapa namna ile."

Pamoja na hofu yote, Nice aliumia. Alidhani kwapa lile lilikaa vizuri.

"Sasa unataka nini kwangu?" aliuliza.

"Mimi nitake nini? Ningekutaja pale, ungekuwa umekamatwa. Mtoto aliyekamatwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Nikasema ngoja nione kama atakuja."

"Na nisingekuja?"

Fundi aliitazama rafu iliyo tupu. "Ningekuwa mjinga, mwanangu. Mjinga asiye na kazi."

Basi likapita, vumbi likashuka. Nice alitazama mikono ya yule mzee, imelala juu ya cherehani bila kazi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano aliacha kufikiria nani anamshuku. Alifikiria ni nani aliyeshukiwa kwa ajili yake.

"Gauni linaweza kupona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Gauni linapona. Hilo lingine ni la kwako, mimi sina sindano yake."

Jikoni, Mama alikuwa anakoroga loshoro, makande ya maziwa mgando. Nice alisema yote mfululizo, akianzia mkasi na kumalizia na rafu, akiangalia sakafu. Alingoja kibao. Mama aliendelea kukoroga muda mrefu mpaka Nice akaanza kukitamani hicho kibao kiishe.

"Nilijua kuna kitu," alisema Mama hatimaye. "Yule mzee alikupa gauni wewe, hakunipa mimi. Sasa unaniambia jikoni."

"Ndiyo, Mama."

"Ulimsingizia mbele za watu. Hilo huliondoi jikoni. Kesho asubuhi kwaya ina mazoezi."

Jumamosi Nice alisimama mbele ya kwaya, karibu na kinanda. Alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi. Utangulizi ukapotea.

"Fundi Koikai hakukata akiba ya gauni," alisema. "Ni mimi. Nilikata shuleni kwa mkasi, halafu nikasema ni yeye. Hakuiba kitambaa cha mtu. Naomba msamaha, na naomba mrudishe vitambaa."

Mtu wa sauti ya nne akaangusha kitabu cha nyimbo.

"Na la gunia chini ya kitanda?" aliuliza mama mmoja.

"Hilo sijui limetoka wapi. Mimi nilisema labda tu."

"Labda yako ina miguu," alisema yule mama.

Shangazi Magdalena alikuwa amekuja kusikiliza. Akainuka, akaenda nje, na Nice alijua ameenda kutafuta fimbo. Kumbe alikwenda kwa Fundi Koikai, akamwamkia shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya jana aliyoimeza.

Saa nne Nice na fundi wakaanza kazi. Fundi alikata vipande viwili virefu vya pamba nyeupe vya kuingiza ubavuni, kutoka kwapa hadi pindo. Alipoviweka kando ya gauni, vilionekana kama jino jipya katika kinywa cha bibi. Hivyo akachemsha sufuria ya chai ya rangi, isiyo na sukari, akavichovya, akavitoa, akavichungulia juani, akavichovya tena, mpaka weupe wao ukazeeka kwa miaka hamsini ndani ya nusu saa. Nice aliduwaa. Daftari lake zima halikuwa na jambo zuri kama hilo.

"Shona wewe," alisema Fundi.

"Mimi?"

"Mwenye gauni ni nani?"

Alishona. Alifumua. Alishona tena, akafumua tena, kwa sababu fundi alipitisha kidole gumba na kusema "hapana" bila hata kutazama. Alipotaka kupunguza ukingo wa vile vipande vipya, mzee alimshika mkono.

"Acha vidole vinne kila upande. Nje ya nguo ni ya watu wa leo. Ndani ni ya yule anayekuja, humjui umbo lake." Akafunua mikunjo ya kiunoni, mbele ya gauni, mahali ambapo mkasi haukufika. Matundu ya sindano yalikuwa bado yapo, mstari kando ya mstari. "Huyu alikuwa mwembamba. Huyu mnene. Huyu hapa fundi wake alikuwa na haraka, tazama. Unasema unapenda historia."

Nice aliinamia ile mistari. Alikuwa anaona kile alichofutia mafuta ya mashine.

Gauni lilimalizika saa kumi na moja jioni, siku ile ile lilipoanza, jambo ambalo wateja wa Fundi Koikai walilijadili kwa muda mrefu.

Jumapili Lilian alipiga magoti, akainuka, na akapumua kama binadamu. Vile vipande vya ubavuni vilionekana, kama ungetazama kwa makini, na Bibi alitazama kwa makini.

"Limenenepa," alisema. "Vizuri. Nguo nayo ikue."

Baada ya ibada wanakwaya walimpitia fundi mmoja mmoja na vitambaa vyao. Wote walirudisha isipokuwa Mama Prosper, ambaye hakuwapo kwenye mazoezi ya Jumamosi na alikuwa ameshamwambia kila mtu wa upande wa mtoni habari ya lile gunia. Nice alimwona akipita mbali na kibaraza cha duka, akikaza mkoba wake kwapani.

"Lakini nimeshasema ukweli," Nice alilalamika.

"Umesema kwa waliokuwapo," alisema Fundi Koikai. "Sikiliza, mwanangu. Nguo ikibana unaiachia, ikipwaya unaipunguza. Ukikosea unafumua. Neno la kumsingizia mtu halifumuliki hivyo. Likishatoka, wengine watalivua ukiwaomba, wengine wataendelea kulivaa. Kwa hiyo ulipime kabla hujalikata. Na kama ulishalikata vibaya, umfuate kila aliyelivaa, mlango kwa mlango."

Mama alikuwa amesimama pale. Aliitazama njia ya mtoni.

Jumatatu baada ya masomo Nice alikwenda. Hakumsahihisha mtu yeyote njiani. Mama Prosper alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani, akasikiliza kisa chote huku macho yake yamekuwa membamba kama tundu la sindano.

"Amekutuma," alisema.

"Hajanituma. Hajui hata kama nimekuja."

"Kwa hiyo akiba hakukata yeye."

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Na gunia halipo."

"Halipo."

"Na suruali ya baba Prosper, aliyokaa nayo tangu Krismasi mpaka mvua za masika, kila siku njoo kesho, njoo kesho. Na hiyo ni wewe?"

Nice alitafakari. Alikuwa ameapa kusema ukweli wote, na ukweli wote ni mzito.

"Hapana, Mama," alisema. "Hiyo ilikuwa ni yeye."

Bega moja la Mama Prosper likaanza kutikisika, likafuata la pili, akacheka mpaka akashika mlango. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha sare kimekunjwa vizuri.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie nitakuja kesho."